Uzito wa Trekta Dogo: Uuweke Wapi, Kiasi Gani, na Uuvue Lini

Mvua za kwanza zikishanyesha Kiteto, Kongwa na Babati, trekta halilali. Wenye matrekta ya kukodisha hulima mchana na usiku, na malipo yao ni kwa ekari, si kwa saa wala kwa lita ya dizeli. Ndiyo maana tairi linalozunguka bila kusogea ni hasara ya mwenye trekta, si ya mwenye shamba. Gurudumu likizunguka umbali wa kilomita 10 na trekta likasogea kilomita 7 tu, zile kilomita 3 zimelipiwa dizeli, zimekula mpira wa tairi, na hakuna tuta hata moja lililotokana nazo.

Dereva akiona hivyo hutafuta uzito. Wapo wanaofunga mawe kwa kamba juu ya haro. Wapo wanaowapandisha vijana wawili wakae kwenye fremu ya haro ili sahani zizame. Wapo wanaojaza maji kwenye matairi ya nyuma mpaka pomoni, kisha trekta likabaki hivyo mwaka mzima: linalima nayo, linavuta tela la mahindi nayo, linapita nayo juu ya shamba lililokwisha kupandwa.

Makosa haya yana shina moja. Uzito huongezwa kwa kubahatisha, na ukishaongezwa hauondolewi. Kwa trekta dogo, yaani la nguvu za farasi 20 hadi 50 hivi, kanuni ya kushika ni kwamba uzito hufuata kazi. Kila kazi ina kiasi chake cha uzito, mahali pa kuuweka, na siku ya kuuvua.

Uzito wa bure huja kwanza

Kabla ya kununua chuma chochote, mwenye trekta aangalie kama anautumia uzito alio nao tayari. Mikono mitatu ya nyuma ya trekta haikubuniwa kwa ajili ya kunyanyua jembe peke yake. Harry Ferguson, fundi wa Ireland, alianza kazi ya kuibuni baada ya kupewa jukumu la kusimamia matrekta ya kulimia nchini mwake mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Matrekta ya siku zile yalikokota jembe kwa mnyororo au chuma kimoja. Jembe likigonga mwamba, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ikapaa, na trekta likampindukia dereva. Yalikuwa mazito, kwa kuwa uzito wa chuma ndio pekee uliowezesha tairi kung'ang'ania udongo.

Ferguson alilishika jembe kwa pointi tatu, likawa sehemu ya mwili wa trekta. Tangu hapo uzito wa jembe, pamoja na nguvu ya udongo unaolivuta chini, ukawa unayakandamiza magurudumu ya nyuma. Trekta lake la TE20, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 hadi 1956, lilikuwa na uzito wa zaidi kidogo ya tani moja, na bado lilifanya kazi ya matrekta yaliyolizidi uzito. Matrekta ya Massey Ferguson yanayoonekana katika mashamba mengi ya Afrika Mashariki, MF 240 likiwemo, yamerithi mfumo huo.

Faida hiyo hupotea dereva akitumia wenzo mmoja tu wa haidroliki, ule wa kupandisha na kushusha. Trekta lenye wenzo wa pili, unaodhibiti mzigo wa jembe, huhisi udongo unapokuwa mgumu na kulinyanyua jembe kidogo lenyewe, na uzito wa jembe ukahamia kwenye matairi papo hapo. Kitabu cha trekta kinaeleza namna ya kuuweka. Pamoja na hilo, sahani butu, jembe lililokaa upande, na kina kinachozidi mahitaji ya zao huongeza mzigo bure. Ukinoa sahani na kulisawazisha jembe, huenda usihitaji chuma hata kidogo.

Hesabu ya mzega

Trekta lenye jembe nyuma hufanya kazi kama mzega begani. Bega ni ekseli ya nyuma. Upande mmoja unaning'inia jembe, upande mwingine pua ya trekta. Jembe likizidi, pua inapaa, na dereva anazungusha usukani huku tairi za mbele zikigusa ardhi kwa heshima tu.

Vitabu vingi vya matrekta vinataka ekseli ya mbele ibebe angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta tupu, hata jembe likiwa limenyanyuliwa. Chini ya hapo usukani hautegemeki, na breki nazo zinapungua nguvu kwenye mteremko. Kwa trekta linalovuta kwa magurudumu mawili na kubeba jembe kwenye mikono mitatu, mgawanyo mzuri wa kuanzia, jembe likiwa halijafungwa, ni kama asilimia 35 mbele na 65 nyuma. Likiwa linavuta kwa magurudumu manne, mbele panaweza kubeba asilimia 35 hadi 40.

Namba hizi hazihitaji mtaalamu. Mizani ya malori inatosha, na ipo kwenye viwanda vya kuchambua pamba, viwanda vya sukari na maghala makubwa ya nafaka. Pandisha magurudumu ya mbele peke yake, andika uzito. Pandisha trekta zima, andika tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo uzito wa nyuma.

Tuchukue trekta la kilo 1,900 lenye mita 1.9 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mbele linabeba asilimia 35, yaani kilo 665. Likifungwa haro ya kilo 500 ambayo kitovu cha uzito wake kiko mita 1.6 nyuma ya ekseli, mbele pananyang'anywa uzito. Zidisha 500 kwa 1.6, gawanya kwa 1.9: unapata kilo 421. Zinabaki kilo 244 mbele, wakati asilimia 20 ya trekta hili ni kilo 380. Pamepungua kilo 136.

Je, ziongezwe kilo 136 za chuma? Hapana. Vyuma vya mbele huning'inia mbele ya ekseli, kwa hiyo kila kilo moja inakandamiza kuliko uzito wake halisi. Vikiwa mita 0.7 mbele ya ekseli, kila kilo moja ina nguvu ya kilo 1.37. Zinatosha kilo 100 hivi, yaani vyuma vinne vya kilo 25. Lakini vyuma hivyo navyo vinaipunguzia ekseli ya nyuma karibu kilo 37. Anayeongeza chuma mbele bila kikomo anayanyima matairi ya kuvutia uzito wake, kisha anashangaa kuona trekta linateleza kuliko mwanzo.

Udongo ndio hakimu

Mizani inaonyesha kama trekta limekaa sawa. Kama uzito unatosha kwa kazi, hilo hujulikana shambani, kwa kupima kuteleza. Kipimo chake kinahitaji chaki, vijiti viwili na msaidizi mmoja.

Chora alama ya chaki ubavuni mwa tairi la nyuma. Lima kama kawaida, kwa gia na kina kile kile cha kila siku. Trekta likiwa limeshachanganya mwendo, msaidizi anayetembea kando, mbali na magurudumu, achomeke kijiti alama inapogusa chini, ahesabu mizunguko 10, kisha achomeke kijiti cha pili. Rudi kwenye kijiti cha kwanza, nyanyua jembe, tembeza trekta kwa gia ile ile mpaka kijiti cha pili, ukihesabu mizunguko tena, nusu na robo zikiwemo.

Ikiwa ni mizunguko 9, kuteleza ni asilimia 10. Ikiwa ni 8 na nusu, ni asilimia 15. Ikiwa ni 8, ni asilimia 20, na ikiwa ni 7, trekta linapoteza asilimia 30 ya mwendo wake.

Kwa trekta la magurudumu mawili ya kuvutia, asilimia 10 hadi 15 shambani ni nzuri. La magurudumu manne lishuke kidogo, asilimia 8 hadi 12. Ikizidi hapo, ongeza uzito au punguza upana na kina cha kazi. Ikiwa chini ya asilimia 5, msomaji asifurahie: trekta limekuwa zito mno. Linabeba chuma kisicho na kazi, linakunywa dizeli kukipandisha mlimani, na nguvu ambayo ingeishia kwenye tairi kuteleza sasa inaishia kwenye klachi, gia na ekseli. Kuteleza kidogo ni kinga ya mitambo.

Asiyekuwa na muda wa kuhesabu asome nyayo za tairi. Alama za meno zikiwa zimefutika kabisa, uzito haujatosha. Zikiwa kali na safi kama zilizopigwa muhuri, uzito umezidi. Zikiwa zimevurugika katikati lakini kingo zake zinaonekana vizuri, uzito uko mahali pake.

Chuma au maji

Njia ya kwanza ni vyuma vya mbele, vinavyotundikwa kwenye kishikio maalumu mbele ya radieta. Vya trekta dogo huwa kilo 20 hadi 45 kila kimoja, na ubora wake ni kwamba vinatoka kwa dakika chache. Hakikisha pini ya kuvifunga ipo. Vyuma visivyofungwa hurukaruka barabarani, na kimoja kikidondoka huingia chini ya tairi la trekta lenyewe au la gari linalofuata.

Ya pili ni vyuma vya duara vinavyofungwa kwenye rimu za nyuma. Hivi vinakaa moja kwa moja juu ya tairi, havipunguzi uzito wa ekseli ya mbele, na haviharibu tairi. Ubaya wake ni uzito mikononi: kipande kimoja kinaweza kumshinda mtu mmoja kukinyanyua. Trekta lisimame kwenye sakafu tambarare, breki ya mkono ivutwe, matairi yawekewe vizuizi, na kazi ifanywe na watu wawili au kwa winchi. Bolti zikazwe tena baada ya saa chache za kazi ya kwanza, kwa kuwa hulegea zinapokaa sawa.

Ya tatu ni maji ndani ya tairi. Ndiyo rahisi kwa bei, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote.

Tairi la 13.6-28, ambalo ni la kawaida kwenye matrekta ya ukubwa huu, hupokea karibu lita 180 likijazwa robo tatu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo matairi mawili yanaongeza kilo 360 hivi nyuma. Kujaza robo tatu ni rahisi kukadiria: zungusha gurudumu mpaka valvu iwe juu kabisa, na ujaze mpaka maji yafike usawa wa valvu, basi. Robo inayobaki ni ya hewa. Hewa hiyo ndiyo inayolifanya tairi linese likipita kwenye jiwe. Tairi lililojaa maji tupu ni gumu kama gogo. Likigonga kisiki, pigo lote hupokelewa na nyuzi zake.

Kazi yenyewe iende hivi. Nyanyua ekseli kwa jeki mpaka tairi liache kubeba uzito, na uweke magogo imara chini yake, usiitegemee jeki peke yake. Valvu ikiwa juu, toa upepo, fungua kile kipande cha ndani ya valvu, unganisha mpira wa maji kutoka kwenye pipa lililoinuliwa mita 2 au zaidi. Kila baada ya muda chomoa mpira ili hewa iliyosongamana itoke. Maji yakianza kutiririka kwenye valvu, rudisha kipande cha ndani, jaza upepo kwa presha iliyoandikwa kwenye kitabu, kisha fanya vivyo hivyo upande wa pili. Pande zote mbili zilingane.

Presha ya tairi lenye maji ipimwe valvu ikiwa juu, na kipimo kisafishwe baada ya hapo, maana maji hukiozesha.

Katika nchi za baridi kali, wakulima huchanganya maji na chumvi ya kalsiamu kloridi ili yasigande, na mchanganyiko huo ni mzito kuliko maji matupu. Lakini huila rimu kwa kutu mara unapovuja. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki maji hayagandi, kwa hiyo maji safi yanatosha. Yawe ndani ya tyubu, kwa kuwa tairi lisilo na tyubu huyaacha yaguse rimu moja kwa moja.

Jambo la mwisho kuhusu maji ni la kuokoa maisha. Andika neno MAJI kwa rangi kwenye rimu. Fundi pancha akilifungua tairi bila kujua, anashika kitu chenye kilo 180 zaidi ya alichotarajia, na gurudumu la namna hiyo likimwangukia mtu halimwachi salama. Maji yatolewe kwanza, ndipo gurudumu livuliwe.

Binadamu si uzito wa kuongezea

Desturi ya kumkalisha mtu juu ya haro haina hesabu inayoweza kuitetea. Mtu wa kilo 60 anaongeza kilo 60 tu. Trekta likiruka tuta, anateleza mbele ya sahani zinazozunguka, na dereva, akiwa ameangalia mbele huku injini ikinguruma, hasikii kitu. Haro nyingi zina fremu au trei iliyotengenezwa kupokea uzito. Mfuko wa mchanga wa kilo 50 uliofungwa vizuri unafanya kazi ile ile, na vipande vya chuma vilivyokazwa kwa bolti ni bora zaidi. Mawe yaliyofungwa kwa kamba hayafai, yanadondoka na kuvunja sahani.

Vivyo hivyo kwa wanaokaa juu ya boneti ili kushusha pua ya trekta, na wanaokaa kwenye madigadi. Mtu ana mahali pamoja tu pa kukaa kwenye trekta dogo: kiti cha dereva.

Vyuma vya mbele navyo visichukuliwe kuwa kinga ya kupinduka. Mzigo ukifungwa juu, kwenye ekseli au kwenye pointi ya mkono wa juu, trekta linaweza kupindukia nyuma hata likiwa na vyuma vyote. Linapita mahali pasipo na kurudi kwa muda usiofika sekunde moja, kabla dereva hajawahi kukanyaga klachi. Kila kinachokokotwa kifungwe kwenye chuma cha kuvutia cha chini. Kinachomlinda dereva trekta likipinduka ni fremu ya chuma ya kinga pamoja na mkanda wa kiti.

Kazi zinazotaka hesabu tofauti

Tela la ekseli moja lina uzito wake wa kutazamwa. Magunia yakirundikwa mbele, chuma cha kuvutia kinakandamizwa na pua ya trekta inapungukiwa. Yakirundikwa nyuma, tela linanyanyua mkia wa trekta na matairi ya kuvutia yanakosa kushika, hatari yake ikionekana kwenye mteremko. Mzigo uenee, ukiegemea kidogo mbele.

Trekta lenye kijiko cha kupakia mbele linahitaji kinyume cha la kulimia: uzito uwe nyuma. Jembe au pipa la zege kwenye mikono mitatu linatosha. Kumbuka kwamba pipa la lita 200 likijaa zege lina karibu kilo 480, kwa hiyo angalia kwanza mikono ya trekta lako inanyanyua kiasi gani. Mara nyingi nusu pipa inatosha.

Mashamba ya mpunga ya Mbarali na Kilombero yana kanuni yake. Kwenye tope, uzito unalizamisha trekta badala ya kulisaidia. Hapo vua vyuma, toa maji, na ufunge magurudumu ya chuma yenye mapezi, ambayo hushika tope kwa upana. Pawatila nayo ni hivyo hivyo.

Siku ya kuuvua

Udongo haumsamehi mwenye trekta zito. Uzito wa ekseli ndio unaoamua mgandamizo unafika kina gani, na ukishashuka chini ya kina cha jembe, kulima tena hakuuondoi. Huko hujengeka tabaka gumu ambalo mizizi ya mahindi haipenyi na maji ya mvua hayazami. Wakulima wa Arusha na Babati wamelazimika kupasua tabaka la aina hiyo kwa majembe ya kuchimba chini. Udongo ukiwa mbichi, mgandamizo ni mbaya maradufu, hasa kwenye mbuga za udongo mweusi wa mfinyanzi.

Kwa hiyo kulima kukiisha, vyuma vitoke. Kupanda, kupalilia, kunyunyizia dawa na kukata majani ni kazi nyepesi, na hazihitaji kilo hata moja ya nyongeza, isipokuwa zile za mbele zinazolinda usukani. Hapa ndipo chuma kinapoyazidi maji: chuma kinavuliwa asubuhi na kurudishwa jioni, wakati maji hubaki msimu mzima kwa uvivu wa kuyatoa. Mwenye trekta linalofanya kazi nyingi za aina mbalimbali anunue vyuma. Mwenye trekta la kulima tu, msimu baada ya msimu, maji yanamtosha.

Kila nyongeza iwe ndani ya kikomo kilichoandikwa kwenye kibati cha trekta na ubavuni mwa tairi. Kikomo hicho kinahesabu jembe pia, si trekta peke yake.

Kabla ya msimu ujao, peleka trekta kwenye mizani likiwa tupu, kisha likiwa na jembe lililonyanyuliwa. Andika namba hizo nne, mbele na nyuma, kwa rangi ndani ya madigadi ambapo dereva anaziona. Siku ya kwanza shambani, tumia dakika chache kupima kuteleza kabla ya kugusa chuma chochote. Na kijana aliyekuwa akikaa juu ya haro mpe chaki na vijiti. Ndiye atakayehesabu mizunguko.